Wageni wa Tarehe Tisa

Kwetu kuna wageni ambao hawajawahi kula. Si kwamba wanakataa chakula, hawana midomo. Wanatoka mtoni jioni moja katika mwaka, maelfu kwa maelfu, mabawa membamba kuliko ganda la kitunguu na mikia mirefu kama uzi wa cherehani. Wanacheza juu ya maji saa chache, wanataga, wanakufa. Mwaka mzima wameishi chini ya mawe wakilamba utelezi wa kijani, halafu siku ya kuota mabawa wanaambiwa chakula basi. Ningekuwa mimi, ningerudi chini ya jiwe.

Waliosoma wana jina lao kwa hawa wadudu. Sisi tunawaita wageni, na ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, kwetu imepinda: mgeni akija, mwenyeji analia. Sisi ni maseremala, karakana yetu iko hatua arobaini kutoka ukingoni, na hakuna kitu wageni hawa wanakipenda kama vanishi mbichi. Wakiona meza inang'aa wanadhani ni maji. Wanatua kutaga, na hawaondoki tena.

Mimi naitwa Msasa. Kazi yangu ni kupiga msasa, na wanaosema jina limetokana na ulimi wangu ni wateja waliochelewa kuja kuchukua vitu vyao.

Kwenye mwimo wa mlango wa karakana, upande wa kushoto, Baba aliandika kwa penseli tarehe za wageni kwa miaka ishirini na saba. Tisa. Kumi. Tisa. Kumi na moja. Kumi. Kila mara mwezi wa kumi, kila mara katika siku hizo tatu. Siku hizo kopo la vanishi halifunguliwi. Madirisha yanafungwa, taa haziwashwi, tunanoa patasi na kudanganyana. Mji mzima ulikuwa unakuja kuuliza. Mpaka rangi wa nyumba anauliza aanze ukuta lini, mpiga picha anauliza bibi harusi asimame wapi. Baba anaweka randa chini, anagusa mwimo kwa kidole, anasema, "Kumi." Na inakuwa kumi. Wakamwita Mzee Kalenda, na usidhani hakulipenda hilo jina.

Kisha likajengwa bwawa la umeme huko juu ya mto. Malango yake yalifungwa mwezi wa nne, na mwezi wa saba mwaka huohuo Mama akafariki. Mwezi wa kumi tukafunga madirisha tarehe tisa, tukanoa patasi mpaka zikaisha, wageni hawakuja. Walikuja tarehe kumi na tisa, wakatua kwenye kabati la mwenye duka la dawa. Mwaka wa pili walikuja kwa mafungu mawili, kama mkutano uliovunjika. Mwaka wa tatu waliwahi. Mwaka wa nne wakaja tarehe tisa kwa bahati tu, na Baba alitembea mjini siku nzima bila shughuli yoyote, ili aonekane. Mwaka wa tano walitoka kidogo kidogo mwezi mzima, watano leo, saba kesho, mpaka ikawa aibu kuwaita wageni. Watu wakaacha kuja kuuliza. Baba aliendelea kuandika kwenye mwimo, lakini maandishi yakawa madogo.

Hapo ndipo Kaka akarudi. Tunamwita Injinia kwa sababu alisoma kozi ya miezi mitano, akarudi na cheti kimoja na kofia ngumu ya njano, na kofia ndiyo aliyoivaa zaidi. Alikodi banda la bati upande wa pili wa barabara kuu, mbali na mto, akalipaka rangi nyeupe ndani na nje na kufunga taa ndefu nane kwenye dari. Alitaka karakana yote ihamie huko.

"Baba, hawa wadudu hawajui tarehe," alisema siku moja mezani, baada ya chakula. "Wanasikia joto la maji. Zamani jua lilikuwa linaupasha mto wenyewe. Sasa maji yanatoka chini kabisa ya bwawa, hayajaona jua tangu yalipoingia. Ya baridi yakija, wadudu wanangoja. Wakubwa wakifungua lango la juu, linashusha maji ya vuguvugu, nao wanadhani wakati umefika. Utawahesabia nini?"

"Kwa hiyo mwimo unadanganya," Baba akasema.

"Mwimo haudanganyi. Mto ndio uliobadilishwa."

"Basi kauambie mto."

Kaka hakukasirika. Aliweka kijiko chini, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Tufanye hivi. Mwaka huu wageni wakija tarehe tisa, kumi au kumi na moja, sitataja banda tena. Wasipokuja, unanipa ufunguo, tunahamia bandani, na wewe unapumzika."

Baba alikuwa na ufunguo wa karakana shingoni, kwenye kamba ya kiatu, tangu kabla sijazaliwa. Akaushika. "Sawa," akasema, na akaenda kulala mapema.

Nilijua maana ya kupumzika. Kupumzika ni Baba kukaa sebuleni mikono juu ya magoti akitazama saa ya ukutani. Sikuwa tayari kuliona hilo, na mtu ambaye hayuko tayari anatafuta njia ya mkato.

Njia yangu ya mkato ilikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga malango ya bwawa. Nilichonga ubao mzuri wa kukatia mboga, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu, nikapanda juu kumtembelea. Chumba chake ni kidogo: gurudumu kubwa la chuma ukutani, meza, daftari, na simu nyeusi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Ubao wa mboga."

"Uweke pale, juu ya kigoda."

Nikakitazama kigoda. Miguu yake mitatu niliipiga msasa mwenyewe wiki iliyopita, Baba akaniambia ni cha mteja. Kando yake kulikuwa na tochi mpya ya Kaka, ile aliyosema imepotea.

"Baba yako alikuja Jumatatu," Mjomba akasema, akijikuna kidevu. "Anataka niachie maji ya juu mapema, wageni wawahi tarehe tisa. Kaka yako alikuja Jumatano. Anataka nisiguse lango la juu mpaka tarehe kumi na mbili. Wewe je?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Kama Baba," nikasema.

"Basi ni wawili kwa mmoja. Ungekuwa uchaguzi mngeshinda." Akaonyesha simu kwa kidole. "Mimi nashika gurudumu. Gurudumu linasubiri simu. Na simu inashikwa na watu ambao hawajawahi kulowa hata unyayo. Nikizungusha bila kuambiwa, kesho nitakuja kuomba kazi kwenu."

"Sasa mbona ulipokea vitu vyetu?"

"Mlileta wenyewe. Kukataa zawadi ni kiburi."

Nikacheka bila kupenda. Nilipogeuka niondoke, akaniita tena, na safari hii hakuwa anatania. "Wewe binti, hivi unadhani ile miaka yote baba yako alikuwa anaotea tarehe?"

"Alikuwa anahesabu."

"Hesabu gani. Zile tarehe zilikuwa za dada yangu. Tangu tukiwa watoto tulikuwa tunageuza mawe. Unaingia mtoni mpaka maji yafike magotini, unageuza jiwe, unawakuta wamelala chini yake, bado hawajaota mabawa. Mgongoni wana vifuko viwili. Vikiwa vya kahawia, bado. Vikianza kuiva, una siku mbili. Vikiwa vyeusi tititi, ni jioni hiyohiyo. Mama yako alikuwa anakwenda alfajiri, anarudi, anamwambia mumewe, 'Nahisi kesho tufunge madirisha.' Naye anajibu, 'Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo,' anachukua penseli." Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Nikamwambia dada, mbona humwambii? Akasema, mwache, penseli inampendeza."

Nilishuka kutoka bwawani nikiwa na siri ambayo nisingeweza kumpa mtu. Ningemwambia Baba nini? Kwamba Mzee Kalenda alikuwa Mama? Afadhali apoteze ufunguo kuliko kupoteza na hilo.

Tarehe tisa alfajiri nilikwenda mtoni, nikageuza jiwe. Kumbe ni kweli: walikuwepo, wadogo, bapa, wanakimbia kwenda upande usio na mwanga. Vifuko vya kahawia. Tarehe kumi, kahawia. Tarehe kumi na moja, kahawia, na nikabaki nimepiga goti majini nikiwabembeleza kwa sauti, jambo ambalo ningemcheka mtu yeyote mwingine akilifanya. Jioni tulikaa kwenye giza, madirisha yamefungwa, tunanoa vyuma ambavyo vilikwisha nolewa. Hakuna kilichogonga kioo.

Tarehe kumi na mbili asubuhi Baba alivua kamba shingoni, akaupangusa ufunguo kwa shati, akamkabidhi Kaka.

"Si lazima iwe leo, Baba," Kaka akasema.

"Neno ni neno."

Akaenda nyumbani akakaa sebuleni, mikono juu ya magoti. Mchana nilipopita alikuwa ameshafungua na kufunga bawaba za kabati la vyombo mara tatu, na hazikuwa na tatizo lolote. Nilichukia. Nilimchukia Kaka na kofia yake, nikalichukia bwawa, nikamchukia hata Mama kidogo kwa kuondoka na kazi ambayo hakumfundisha mtu.

Sasa nikuambie kuhusu meza, maana bila meza hakuna kisa. Ofisi ya bwawa, haohao, walikuwa wametuagiza meza ya mikutano ya watu kumi na wawili, kwa ajili ya wageni wao wakubwa waliokuwa wanakuja tarehe kumi na sita. Wageni wenye midomo, hao. Walitaka ing'ae mtu aweze kujinyoa juu yake. Kaka aliihamishia bandani siku ileile aliyopata ufunguo, na akapanga kupaka mkono wa mwisho wa vanishi tarehe kumi na nne jioni, ipate siku nzima ya kukauka. Na kwa sababu ya ugeni huohuo, simu nyeusi ilikuwa imelia kwa Mjomba tangu tarehe kumi: wakubwa wanataka maji yaporomoke kutoka lango la juu, yapendeze kwenye picha, kwa hiyo lijaribiwe mapema. Siku nne maji ya vuguvugu yalikuwa yanashuka mchana na usiku.

Tarehe kumi na nne alfajiri niligeuza jiwe. Vifuko vilikuwa vyeusi tititi. Nikageuza la pili, la tatu, la kumi. Vyeusi vyote.

Nilikwenda bandani moja kwa moja. Kaka alikuwa anasafisha brashi, kofia kichwani. Akaniona sketi imelowa.

"Kuna nini mtoni?" akauliza.

Hapa ndipo mtu mwema angesema. Nilifungua mdomo niseme. Nikakumbuka bawaba za kabati.

"Maji," nikasema.

Wala sikudanganya, maji yalikuwepo. Nilishinda naye siku nzima nikipiga msasa kwa utiifu ambao sijawahi kuuonyesha tangu nizaliwe, na yeye hakushtuka. Saa kumi na moja na nusu jioni alifungua kopo, akainua mlango mkubwa wa banda ili hewa ipite, akapaka. Nitasema haki yake: mkono wake ni mzuri. Alikwenda kutoka kichwa cha meza mpaka mwisho bila kuacha alama.

"Washa taa, nione kama kuna sehemu nimeruka," akasema.

Nikawasha zote nane. Nikawasha na zile mbili za nje, ambazo hakuniomba.

Banda jeupe, taa kumi, na katikati meza inayong'aa kama kidimbwi kilichotulia. Ukisimama mtoni jioni ile, hakukuwa na kitu kingine cha kutazama mji mzima.

Wa kwanza aliingia saa kumi na mbili na robo. Akazunguka taa mara mbili, akashuka, akatua katikati ya meza, mikia juu.

"Nondo huyo," Kaka akasema, akamtoa kwa ncha ya kibano taratibu sana.

"Bila shaka," nikasema.

Wakaja watatu. Kaka akawatoa. Wakaja kumi, akaanza kupunga kofia. Kisha tukasikia ule mvumo wao mwembamba, kama mtu anayepuliza chai, wakaingia wote kwa pamoja. Kaka alikimbilia mlango auvute, akaona waliomo ndani ni wengi kuliko walio nje, akaufungua tena. Alijaribu tambara, akaliacha, kwa kuwa ukifuta vanishi mbichi unaharibu maradufu. Alinipigia kelele nizime taa. Nilizima, lakini meza ilikuwa imeshaonekana. Walikuwa wanatua mmoja juu ya mwingine, wanataga mayai kwa bidii juu ya mbao za mkutano, wamefunga safari ya mwaka mzima kuja kuhudhuria.

Nilitarajia kufurahi, na nilifurahi, dakika nne hivi. Kisha Kaka akakaa chini akaegemea ukuta, kofia mapajani, wageni wamemjaa nywele, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka apumzike tu, Msasa. Umeona mikono yake inavyotetemeka akishika kikombe?"

Nilikuwa nimeona. Furaha yangu iliishia hapo.

Asubuhi, Kaka alikwenda nyumbani na ufunguo mkononi. Baba alikuwa kwenye kiti chake. "Baba, njoo uone," Kaka akasema, akamvisha kamba shingoni yeye mwenyewe, kama anavyovishwa mtoto wa shule. Baba alivaa shati la kazi akatangulia.

Alizunguka meza mara moja. Haikuonekana hata mbao, ilikuwa zulia la wafu. Nikangoja aseme "nilikuambia", na angekuwa na haki yake.

"Jana ilikuwa tarehe ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne," nikasema.

"Haya. Nileteeni kile kisu chembamba cha kukwangulia."

Alikwangua miili, mmoja mmoja kwanza, halafu safu kwa safu. Miili ilitoka, mabawa yakabaki yamekunjuka ndani ya vanishi, maelfu, yamelala kila upande, kila bawa na mishipa yake midogo. Na ile mikono iliyotetemeka na kikombe, juu ya mbao haikutetemeka hata kidogo. Kaka aliiona, akanitazama, akavua kofia. Mchana Baba alipaka mkono mwembamba juu ya mabawa. Jioni alituamuru tuzime kila taa na kushusha mlango, na wageni waliosalia wakapita zao kurudi mtoni.

Meneja wa bwawa alikuja kuichukua tarehe kumi na sita, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kwenye cheni. Aliivaa, akainama mpaka pua ikakaribia meza. Meza ilikuwa inameta, ukisogea nayo inabadilika, hapa kijani kidogo, pale zambarau. Kaka alikuwa amejificha nyuma yangu, na mimi ni mfupi.

"Hii nakshi mmeitoa wapi?" Meneja akauliza.

"Hiyo ni ya kwenu, mama," Baba akasema. "Mlifungua lango la juu, wakaja. Sisi tumewapokea tu."

Hakuelewa, lakini alipitisha kiganja juu ya meza, akapitisha tena. "Nataka na viti," akasema. "Kumi na viwili. Hivihivi."

"Viti tutatengeneza. Wageni ni juu yenu kuwaleta."

"Wanaletwaje?"

Baba akanionyesha kwa kidevu. "Muulize huyo fundi."

Sikujua anachojua. Lakini nimeulizwa, nami nikiulizwa huwa sina breki. Nikamwambia Meneja kwamba wageni hawaji kwa kuitwa siku moja. Maji yaachwe yapate joto polepole tangu mwezi wa nane, ya juu yakichanganywa na ya chini, kama mto ulivyokuwa. Na waache kuyapandisha na kuyashusha kila siku, maana wageni wanataga kwenye mawe ya ukingoni, na mayai yakiachwa nje yanakauka kama dagaa. Mwaka huu wametokea kwa wingi. Mkiendelea hivyo, mwakani watatoka kumi, na kiti kimoja kinahitaji mia nane. Hiyo mia nane niliibuni. Meneja aliandika yote kwenye daftari.

Miezi kumi baadaye, Mjomba alishuka kutoka bwawani kuja kutupa habari. Simu imelia, akasema, amri kutoka juu kabisa: maji yaende kama zamani mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, kwa ajili ya viti. "Mwaka jana mliniletea kigoda, tochi na ubao," akasema, akimenya chungwa, "kumbe dawa ni makalio ya wakubwa."

Karakana ilikuwa imerudi mtoni. Bandani tuliacha mashine za kupasulia mbao, na taa za nje zilifungwa vifuniko. Baba ana ufunguo wake. Kwenye mwimo ameandika kumi na nne, kwa maandishi makubwa.

Tarehe tisa ya mwezi wa kumi, alfajiri, nilipokuwa natoka kimya kimya viatu mkononi, nilimkuta Baba amesimama mlangoni.

"Nakuja nawe," akasema.

Tulishuka zile hatua arobaini. Ukingoni akakunja suruali. "Unadhani sikuwa najua?" akasema, macho yake kwenye maji. "Miaka ishirini na saba mwanamke anarudi alfajiri kanga imelowa magotini, ananiambia amehisi. Kuhisi gani kunalowesha nguo? Yeye alipenda kunidanganya, nami nilipenda kudanganywa naye."

"Sasa alipofariki, mbona hukuja mwenyewe?"

Akakunja na mguu wa pili wa suruali. "Mawe yalikuwa yake," akasema. "Niliona bora nikosee tarehe." Kisha akaongeza, "Mwaka wa pili wa ndoa nilimdharau mbele ya watu. Wiki ileile akaniacha nipake kabati jioni ya wageni. Siku nzima ananitazama, ananitilia chai. Nilipoiona ile meza ya kaka yako, nikajua mama yenu ameacha mtu."

Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka, vyote kwa wakati mmoja, na sikuvizuia. Baba aliingia majini akiwa amenishika bega. Akapiga goti, kazi iliyochukua muda na maneno mawili matatu ambayo sitayarudia, akageuza jiwe, akalisogeza karibu na macho.

"Mimi sioni vizuri," akasema. "Ni rangi gani?"

"Nyeusi, Baba."

"Tititi?"

"Tititi."

Akacheka peke yake, akalirudisha jiwe lilivyokuwa. Tulipanda kurudi taratibu, maji yakitutiririka miguuni. Kaka alikuwa uani, kofia kichwani, anachanganya vanishi, na viti kumi na viwili vimepangwa ndani nyuma yake.

"Kuna nini mtoni?" akauliza.

"Maji," Baba akasema.

Kaka akatazama suruali ya Baba. Akatazama sketi yangu. Akaacha kukoroga, akabaki ameshika kijiti kinachodondosha vanishi kwenye kiatu chake, na niliona mwaka mzima uliopita ukimpita usoni siku kwa siku mpaka ukafika unapofika.

"Msasa," akasema polepole. "Na zile taa za nje?"

Nikainua kiti cha kwanza, nikakitoa uani.